Meno ya kuvua, daraja au ya kupandikiza: yapi yanamfaa mama?

Mwana wa Mikindani
Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu kabla sijatoa fedha. Mama yangu ana mapengo, na malipo ya korosho zangu yakishaingia nakusudia kumwekea meno. Nimetajiwa njia tatu: meno bandia ya kuvua na kuvaa, daraja (meno bandia yasiyovulika, yanayoshikizwa kwenye meno ya jirani), na meno ya kupandikizwa kwenye taya. Bei zinapishana mno. Yapi ni bora?

Mwalimu Ndanda
Ndugu yangu, swali lako halijibiki hivyo lilivyo. Mapengo ni mangapi, yako juu au chini, mbele au kwenye magego? Mama ana umri gani, na meno hayo yalitokaje? Aliyeng'olewa gego moja lililooza na yule ambaye meno yake yalilegea yakadondoka yenyewe ni wagonjwa wawili tofauti kabisa.

Mkulima Tandahimba
Mpeleke akapandikizwe. Mimi nilipandikizwa gego la chini Dar es Salaam, na leo natafuna korosho upande huo bila wasiwasi. Skrubu ya titani huzamishwa katika mfupa, kisha mfupa wenyewe huikumbatia. Njia hii tunadaiwa na Brånemark wa Uswidi, aliyemtibu mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965. Meno ya jirani hayaguswi, ilhali daraja la kawaida hudai yachongwe, pengine yakiwa mazima.

Mama Shangani
Kaka, taja na muda: mara nyingi mfupa husubiriwa miezi mitatu hadi sita, kwa hiyo safari ya Dar es Salaam haiwi moja.

Nami nitaeleza yaliyonipata, kwa sababu sitaki yampate mama wa mtu. Miaka saba iliyopita nilikuwa na mapengo mawili ya mbele, juu, na jirani akanipeleka kwa fundi aliyefanyia kazi sebuleni kwake. Hakunipiga eksirei wala kuniuliza kama naumwa chochote. Alichanganya unga na maji yenye harufu kali, akaubandika mchanganyiko huo kwenye pengo na kuushikiza kwa meno yangu ya pembeni, na baada ya saa moja nikatoka nikitabasamu. Furaha hiyo haikuvuka Ramadhani moja. Kwa kuwa meno hayo hayakuvulika, mabaki ya chakula yalikaa chini yake nisipoweza kuyafikia kwa mswaki. Ufizi ukavimba, ukawa unatoka damu, na nikizungumza na watu nilijiziba mdomo kwa mtandio. Daktari wa hospitali alipoyakata, meno yangu mawili ya pembeni yalikuwa yanacheza, yakang'olewa. Niliingia kwa fundi na mapengo mawili, leo ninayo manne. Kabla ya kutazama bei, mtazame anayetibu: daktari wa meno awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na kumwomba leseni si utovu wa adabu.

Mwana wa Mikindani
Pole sana, Mama. Nakiri sikueleza vya kutosha. Mama ana miaka 61, amepoteza meno manne ya mbele, juu, yaliyolegea moja baada ya jingine, la mwisho likiwa la mwezi uliopita. Ana kisukari na anatumia vidonge.

Tabibu Meno Lindi
Hayo ndiyo yaliyopaswa kutangulia. Kisukari na ugonjwa wa fizi huchocheana: sukari ikipanda fizi huharibika upesi, na fizi zikiwa na uambukizo sukari huwa ngumu kushuka. Aanze kwa kusafishwa ugaga na kutibiwa fizi. Sukari ikidhibitiwa, kupandikiza hakukatazwi. Isipodhibitiwa, kidonda huchelewa kupona na skrubu huweza kukataliwa na mfupa. Daraja nalo lingeegemea chonge zake mbili, ambazo zikiwa zinacheza zitang'oka pamoja na daraja lenyewe. Tena mfupa wa pengo hupungua zaidi katika miezi mitatu ya kwanza, hivyo meno ya kuvua ya akriliki, yaani plastiki ngumu, yakitengenezwa sasa yatalegea baadaye, nayo yatahitaji kujazwa upya kwa ndani.

Mkulima Tandahimba
Meno ya kuvua ni usumbufu. Shangazi yangu ameamua kulala nayo ili asiyapoteze.

Mwalimu Ndanda
Mwambie shangazi aache, kwa heshima. Kulala nayo hukaribisha fangasi kwenye kaakaa. Ayasugue kwa sabuni laini na kuyalaza katika maji ya baridi, kamwe si ya moto, kwa kuwa akriliki hupinda. Nawe, Mkulima, ulipoteza gego moja ukiwa na fizi nzima. Usimpimie mama huyu kwa kinywa chako.

Mama Shangani
Mwanangu, mama mwenyewe anasemaje?

Mwana wa Mikindani
Nimemuuliza jioni hii, na naona aibu kwamba sikuanza kwake. Yeye hufundisha watoto Kurani. Anasema kutafuna anajimudu. Kinachomuumiza ni kwamba herufi ya thaa na ya faa hazitoki sawasawa, na watoto humfuata alivyotamka. Je, bamba la meno ya kuvua halitamharibia zaidi?

Tabibu Meno Lindi
Siku za mwanzo maneno huwa mazito, kwa sababu bamba hufunika sehemu ya kaakaa. Wengi huzoea ndani ya wiki chache, hasa wakisoma kwa sauti kila siku, jambo ambalo mama tayari analifanya. Bamba la chuma huwa jembamba kuliko la akriliki, ila ni ghali zaidi.

Mkulima Tandahimba
Kwa herufi, jino lililosimama imara katika mfupa halina mpinzani. Chonge zake zinacheza?

Mwana wa Mikindani
Sijui. Jumatatu nampeleka hospitali ya Ligula, nitauliza.