Naomba ushauri: kanji za Kijapani nianze lini?

Wakuu, habari za jioni. Nina mwezi wa pili najifunza Kijapani mwenyewe, usiku nikishatoka kazini. Hiragana zote 46, zile herufi za msingi za sauti, nimeshazishika. Katakana, herufi za sauti za kuandikia maneno ya kigeni, bado zinanichenga, hasa シ na ツ, mapacha wale!

Nimekwama kwenye kanji, zile alama zenye asili ya Kichina ambazo kila moja hubeba maana. Rafiki yangu aliyewahi kusoma Japani anasema niziache mpaka niweze kuongea kidogo, la sivyo nitakata tamaa. Na kweli zinatisha: orodha ya zile za matumizi ya kawaida ina 2,136, halafu moja haina sauti moja. Hii 生 peke yake inasomeka sei, shō, nama, na bado kuna nyingine.

Lakini nikipewa sentensi ya hiragana tupu napotea kabisa. Wajapani hawaachi nafasi kati ya maneno, na kami inaweza kuwa karatasi, nywele au mungu. Ukiona 紙 ubishi umeisha, ni karatasi. Kwa hiyo naona kuzichelewesha ni kujitesa mara mbili.

Nafikiria kuanza na zile 80 za watoto wa darasa la kwanza kule, tano kwa wiki. Mliopita njia hii, mlianza lini? Mlikariri sauti zote za kila kanji, au mlizipata humo humo ndani ya maneno? Na kuandika kwa mkono kuna ulazima? Nauliza kwa sababu nalenga mtihani wa N5, ngazi ya chini kabisa ya mtihani wa Kijapani wa JLPT, na ule ni wa kuchagua majibu tu.