Tupeane uzoefu: wiki 6 baada ya kujifungua, mwili wako ulikuwaje?

Mama Kifungua Mimba
Habari zenu wapendwa. Nina mtoto wa siku 9. Kila anayeingia kunisalimia anamwendea yeye: ananyonya? analala? kitovu kimedondoka? Najibu yote, anabebwa, anasifiwa, mgeni anaaga. Mimi nabaki nimekalia upande mmoja kwa sababu upande wa pili nyuzi zinavuta. Kliniki tulifundishwa dalili za uchungu, jinsi ya kuhema, hata namna ya kupanga begi. Siku ya pili yake haikutajwa kabisa. Jana nilisimama mlango wa choo nimeshika ukuta, naogopa haja kubwa kuliko nilivyoogopa leba. Waliopita njia hii naomba msimulie ya kwenu bila kuficha. Ni nini hamkuambiwa?

Mama wa Watatu
Hongera mwenzangu, na pole sana. Hiyo hofu ya choo naijua. Yangu ilichukua siku 4. Nilikuwa na chupa ya maji pembeni, kila mtoto akishika titi nami nakunywa. Haja ikibisha sijizuii, naweka pedi safi na kuishikilia taratibu kwenye mshono, basi unapata moyo kwamba nyuzi hazitaachia. Wakati wa haja ndogo najimwagia maji ya uvuguvugu hapohapo, mkojo hauchomi.

Kilichonishtua ni tumbo. Mtoto wa kwanza sikusikia kitu. Wa pili na wa tatu, akianza tu kunyonya, tumbo linakamata kama uchungu umerudi, nang'ata shuka. Nikajua kuna kitu kimesalia ndani. Mkunga akauchukua mkono wangu akauweka chini ya kitovu: pale kulikuwa na kitu kigumu kama ngumi. Akasema, "Huo ndio mji wa mimba, unajikaza ili damu isimwagike." Mtoto akinyonya mwili unatoa homoni inayoitwa oksitosini, ndiyo inayoukaza, na kadiri unavyozaa mara nyingi ndivyo unavyousikia zaidi. Siku ya 3 au ya 4 maumivu yakapungua. Laiti ningeambiwa mapema, nisingelia usiku ule peke yangu.

Wa Kisu Mara Mbili
Wa upasuaji tupo pia. Naomba watu waache kutuambia tumejifungua kirahisi. Ni tumbo limepasuliwa, na usiku uleule una mtoto wa kunyonyesha! Kukohoa, kucheka, kupiga chafya: bana mto kwenye mshono kwanza. Kuinuka kitandani usinyanyuke kama zamani. Geuka ubavu, shusha miguu, jisukume kwa mkono. Kunyonyesha, mpakate mtoto kwa pembeni, miguu yake ielekee mgongoni kwako, asikupige teke kwenye kidonda.

Uzazi wa kwanza niliruhusiwa kwenda nyumbani bila mtu kunieleza kidonda kinachoharibika kinafananaje. Siku ya 8 kikawa chekundu, cha moto, kinatoa maji yenye harufu, na homa juu. Nilikaa siku mbili nikidhani ndivyo kinavyopona. Usikae hata moja, mama.

Baba wa Binti
Shikamooni mama zetu. Naandika kwa ajili ya akina baba wanaosoma kimya kimya.

Mke wangu alijifungua salama, presha yake mimba nzima ilikuwa nzuri. Siku ya 6 akasema kichwa kinauma. Nikampa dawa ya maumivu, nikamwambia ni usingizi, maana kweli hatukuwa tunalala. Saa nne usiku akaniomba nizime taa, akasema anaona vimulimuli. Nikamtazama uso, umevimba, macho yamekuwa madogo. Bado nikasema tusubiri kupambazuke. Mama mkwe ndiye aliyekataa, akamfunga mtoto kwenye shuka akatoka nje kabla yetu.

Presha ilikuwa 170 kwa 110. Daktari akatueleza kwamba kifafa cha mimba hakiishii kwenye kujifungua. Kinaweza kumkuta mama hata wiki kadhaa baadaye, hata aliyekuwa mzima kipindi chote. Akalazwa siku 4, akapona. Lile neno langu la "tusubiri kupambazuke" nalisikia hadi leo. Ndugu zangu, kichwa kisichotulia kwa dawa, macho kuona ukungu, maumivu ya juu ya tumbo upande wa kulia: ondokeni usiku huohuo.

Mkunga Mstaafu
Baba wa Binti, ahsante kwa kulisema hilo. Niongeze kidogo.

Damu: siku za mwanzo nyekundu, kisha inakuwa ya rangi ya udongo, mwisho majimaji meupe au ya njano, na inaweza kwenda hadi wiki ya 6. Pedi ikilowa chepechepe ndani ya saa moja, mabonge makubwa yakitoka, au ikinuka vibaya, huo si uzazi wa kawaida. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye misuli ya nyuma, njoo.

Mtoto: kupungua uzito siku za kwanza msihangaike, wengi huurudisha kufikia wiki 2. Anyonye mara 8 hadi 12 kwa siku, na kuanzia siku ya 5 hivi alowanishe nepi 6 au zaidi. Kitovu kiwe kikavu, nepi ikunjwe chini yake. Alale chali. Ngozi au macho kuwa ya manjano siku ya kwanza kabisa, au manjano yakifika viganjani na nyayoni, au mtoto anakataa titi, ana joto, amepoa, mbavu zinaingia ndani akihema: mlete sasa hivi.

Na ninyi wenyewe mje. Shirika la Afya Duniani linashauri mama na mtoto waangaliwe saa 24 za kwanza, tena kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya 6. Miaka yote niliyofanya kazi, akina mama walikuwa wanamvua mtoto nguo apimwe, halafu wanashika mlango.

Mama Kangaruu
Wangu alizaliwa na gramu 1,700. Nilifundishwa kumfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana, njia iliyoanzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978. Nilikuwa nalala nimeegemea mito, nikihesabu pumzi zake kwa kifua changu. Nikichoka, baba yake anavua shati anampokea.

Nilinyamaza
Nilijua machozi ya siku ya 3. Wanasema huisha ndani ya wiki 2. Yangu hayakuisha. Wiki ya 5 nilikuwa namwogesha mtoto vizuri, namnyonyesha vizuri, na ndani hamna kitu, kama namlelea mtu mwingine. Nikianza kuwaza watakuwa na raha zaidi nisipokuwepo, nabana mdomo nitabasamu. Siku ya chanjo nesi akaweka kalamu chini akaniuliza, "Na wewe mama?" Nililia nusu saa. Ilikuwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ya baada ya kujifungua, na inatibika. Sikuacha kunyonyesha.

Mama Kifungua Mimba
Nimesoma mpaka mtoto amemaliza titi la pili. Ya chupa ya maji nimeshaijaribu, imenisaidia. Mume wangu nimemsomea ya Baba wa Binti, akanyamaza muda mrefu, halafu akaniuliza kama kichwa kinauma. Hakiumi. Kliniki yangu ni kesho. Sitamvua mtoto nguo kabla sijawaambia habari ya nyuzi.