Prosesa ya kuovakloki: Core i5-14600K, Core Ultra 7 265K au Ryzen 7 9800X3D?

Saketi_Wazi
Wakuu, salaam. Naunda kompyuta mpya ya mezani na safari hii nataka prosesa nitakayoichokonoa mwenyewe, niipandishe kupita kasi ya kiwandani (kuovakloki), si ya kuwasha na kusahau. Kazi zangu ni gemu, na kurenda video mara mojamoja. Kipoza cha maji cha milimita 360 ninacho tayari. Zimebaki tatu hizo kwenye kichwa cha habari. Ipi ina nafasi ya kupanda? Naombeni hoja, ushabiki wa nyekundu (AMD, wenye Ryzen) na buluu (Intel, wenye Core) tuuache mlangoni.

mzee_kizidishi
Kwanza punguza matarajio, kijana. Mwaka 1998 Celeron 300A ulikuwa unaipandishia basi la mfumo (njia ya data kati ya prosesa na ubao mama) kutoka MHz 66 hadi 100, chipu ya MHz 300 inakimbia 450, umemaliza. Hata i5-2500K ya 2011, ambayo kasi yake ya msingi ilikuwa GHz 3.3, watu wengi waliifikisha 4.5 kwa kipoza cha hewa tu. Kiwanda kilikuwa kinaacha akiba kubwa, sisi tunaichukua.

Siku hizi akiba hiyo kiwanda kinaitumia chenyewe. Prosesa inapima joto, umeme na mzigo muda wote, halafu inajipandisha hadi karibu na ukingo. 14600K inafika 5.3 bila kuguswa. Ukiilazimisha 5.6 umeongeza chini ya asilimia 6. Na umeme unaoliwa unakwenda na kasi mara kipeo cha pili cha volteji: ongeza volteji asilimia 10 ili hiyo 5.6 itulie, matumizi yanaruka karibu asilimia 28. Piga hesabu mwenyewe kama biashara hiyo inalipa.

Pamoja na hayo, kwa mtu anayetaka kujifunza, kura yangu ni 14600K. Kizidishi (namba inayozidishwa na mapigo ya msingi kupata kasi) cha kore kubwa, cha kore ndogo, cha ringi (njia inayounganisha kore), vyote viko wazi. Ila lazima ubao mama uwe wa chipseti ya Z690 au Z790. B760 itakuruhusu RAM tu, kore hazigusiki.

Binti_Volti
Shikamoo mzee, lakini hapo umeruka jambo zito. Prosesa za mezani za kizazi cha 13 na 14 za Intel, zile za wati 65 kwenda juu, zilikuwa na tatizo la volteji kupanda kupita kiasi na kuichakaza chipu taratibu. Intel wenyewe walilikiri, wakatoa marekebisho ya mikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa, yanayokuja na BIOS) mwaka 2024 (0x129 mwezi Agosti, 0x12B mwezi Septemba), wakaongeza miaka 2 ya dhamana. Marekebisho yanazuia uharibifu mpya, hayaponyi chipu iliyokwisha kuchakaa. Kwa hiyo Saketi, ukiichukua 14600K isiwe ya mkononi, na usasishe BIOS kabla hujagusa chochote. Isitoshe, soketi yake, LGA1700, imefika mwisho.

mzee_kizidishi
Marahaba. La soketi nakubali. La uchakavu, aliyezoea kuweka volteji kwa mkono yuko salama kuliko anayeiachia bodi iamue.

kore_nane
9800X3D, mjadala ufungwe 😄

Haya, hoja. 5800X3D na 7800X3D zilibandikwa kache (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya chipu) ya ziada juu ya kore, joto likawa linapita kwa shida, kizidishi kikafungwa. Kwenye 9800X3D wameigeuza: kache iko chini, kore ziko juu karibu na kipoza, na kizidishi kimefunguliwa. Kache ya ngazi ya tatu (L3) ni MB 96 jumla. Ukiwasha PBO (mfumo wa AMD wa kuipandisha kasi yenyewe) na kuongeza MHz 200 inatoka 5.2 hadi 5.4.

Saketi_Wazi
Sasa mkuu, kama kwenye gemu kazi yote inafanywa na kache, mimi nachokonoa nini?

kore_nane
Kurekebisha mstari wa volteji wa kila kore, yaani Curve Optimizer. Unashusha volteji kidogokidogo. Chipu inapoa, halafu inakaa kwenye kasi ya juu kwa muda mrefu zaidi. Na usidhani kazi hii ni nyepesi. Watu wanawasha Cinebench (jaribio la mzigo mzito), inapita, wanashangilia, kisha kompyuta inajizima wanaposoma barua pepe. Sababu ni kwamba mzigo ukiwa mwepesi, kore moja inapanda hadi kasi yake ya juu kabisa, na hapo ndipo volteji uliyoipunguza inapokosekana. Tumia CoreCycler, inajaribu kore mojamoja. Iache usiku kucha. Kore mbili zilizokaa jirani ndani ya chipu moja zinaweza kutofautiana sana, na hiyo ndiyo raha yenyewe.

RAM weka DDR5-6000 kwa uwiano wa moja kwa moja (1:1) na kidhibiti chake, volteji ya SoC (sehemu yenye kidhibiti hicho) isivuke 1.3. Kikomo hicho kiliwekwa 2023 baada ya chipu kadhaa za AM5 (soketi ya Ryzen hizi) kuungua.

Dunda_Polepole
Mbona 265K mnaipita kama hamjaiona? Ilipotoka Oktoba 2024 ilisemwa vibaya, na kwenye gemu nyingi kweli ilizidiwa hata na kizazi cha 14. Lakini angalieni sababu. Kore ziko kigae kimoja, kidhibiti cha RAM kigae kingine, na njia inayoviunganisha inakwenda polepole. Njia hiyo inaovaklokika! NGU (mtandao wa ndani wa kigae cha kidhibiti) inatoka GHz 2.6, D2D (kiungo cha kigae kwa kigae) inatoka 2.1, zote unazipeleka 3.2. Aprili 2025 Intel walitoa 200S Boost inayofanya hivyo pamoja na RAM hadi 8000, bila kupoteza dhamana. PBO ya AMD haina ruhusa hiyo.

Yaani hapa kuna akiba ya kweli iliyoachwa na kiwanda, kama zile anazozikumbuka mzee. Na kwenye kurenda, kore 20 dhidi ya 8 hakuna mashindano.

mzee_kizidishi
Hii sikuitazama kwa jicho hilo. Kwa gemu tupu bado X3D iko mbele, hata ukiikamua 265K mpaka mwisho.

pikseli_moja
Anacheza 4K? Kama ndiyo, kadi ya grafiki ndiyo itakayoamua, zote tatu zitafanana.

Saketi_Wazi
1440p, mkuu. Nimeelemea 265K kwa sababu ya video na hizo NGU na D2D. 14600K nimeiondoa. Swali moja: RAM vijiti vinne vya GB 16 au viwili vya 32?

Dunda_Polepole
Viwili. Vinne vitakushusha mbali sana na 8000, na ndiyo kasi unayoitafuta. Bodi iwe ya chipseti ya Z890. Pandisha D2D na NGU kwanza, jaribu uthabiti kwa programu ya y-cruncher, RAM uiguse baadaye. Ukibadilisha vyote kwa pamoja hutajua kipi kinakuangusha.