Zimebaki kilomita 687 nimalize dunia: Tsavo niikimbie au niiruke?

karani_wa_ikweta

Salamu kwenu nyote. Nina swali la kipuuzi kidogo, ila nyinyi ndio mtakaonielewa. Kazini nikilisema huulizwa kama nimelala vizuri.

Mimi mzaliwa wa Mombasa, riziki ikanipandisha huku Nanyuki, ni karani wa stoo kwenye shamba la maua. Mwaka 2009 nilikuwa na kilo 104 na presha. Daktari aliniambia maneno mawili tu, "Tembea, mzee," na huyo mzee alikuwa na miaka 35. Jumapili ya tarehe 4 Januari nikaenda Mama Ngina, pale ufukweni Mombasa, nikaanzia kwa wauza mihogo, nikaenda nikarudi. Usiku nikaandika nyuma ya daftari la hesabu la mwanangu: "Km 3. Nimetapika. Watoto wamecheka."

Sikuacha kuandika tena. Nilipopita 4,000, kijana akafungua atlasi ya shule, akaweka rula, akasema, "Baba, ungekuwa Misri sasa." Hapo ndipo wazimu uliponiingia. Mzingo wa dunia kwenye Ikweta ni kilomita 40,075. Nikasema nitauzunguka, hata kama ni kwa kuzunguka mtaa mmoja. Leo madaftari ni manne, na Jumapili iliyopita nimefunga 39,388.

Zimebaki 687. Kutoka kwenye kibao cha Ikweta hapa Nanyuki hadi Nairobi ni karibu 200, na Nairobi hadi Mombasa karibu 485. Jumlisheni wenyewe. Kana kwamba kuna mtu alinipimia akaniwekea. Nataka likizo yangu ya mwaka, siku 21 za kazi, pamoja na Jumapili zake, niianzie pale kwenye kibao (yule jamaa wa beseni na kijiti, anayewaonyesha watalii maji yanavyozunguka, ameahidi kunipigia makofi bure) na niimalizie kwa wauza mihogo nilikoanzia. Nimelenga Agosti, kusi inavuma na Pwani ina ubaridi kidogo.

Tatizo ni mke wangu. Amekubali yote isipokuwa kipande cha Mtito Andei hadi Voi, karibu kilomita 100 katikati ya mbuga. Maneno yake: "Dunia nzima umeizunguka hujaliwa na kitu, sasa waenda kuliwa Tsavo?" Anataka nipande gari nishukie Voi. Nami naona nikipanda gari, daftari limetoboka.

Mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Na kwa siku 24 hivi, wastani wa kilomita 28 au 29 kwa siku, nitafika mzima? Kawaida yangu ni 46 kwa wiki.

semi_la_usiku

Shikamoo mzee wangu. Barabara hiyo naiendesha mwaka wa kumi na mbili, Mombasa hadi Malaba, kwa hiyo mbio sijui ila lami naijua.

Mke wako yuko sawa, ingawa sababu yake siyo. Simba hata mimi nimemwona mara mbili tu. Ndovu ndio wa kuogopa. Jioni wanavuka wekundu kama lami imepakwa udongo, na ndovu mwenye mtoto hasikilizi honi, sembuse mtu mwenye raba. Halafu kati ya Mtito na Voi ukiishiwa maji umeishiwa. Kuna mahali utaenda masaa bila kuona hata kibanda cha soda.

Lakini acha ndovu. Wewe utakimbia upande wa kulia ututazame tunavyokuja, sivyo? Ni sahihi, fanya hivyo. Ila jua kwamba huyo unayemtazama siye atakayekuua. Atakuua aliye nyuma yako. Basi linalipita semi (lori la tela), linahamia upande wako, na wewe umeligeuzia mgongo. Dereva macho yake yako mbele kabisa kuona kama njia iko wazi, mtu wa pembeni hamwoni. Ukisikia nyuma injini mbili zinanguruma kwa pamoja, usigeuke kuhakikisha. Shuka chini kwenye vumbi kwanza, uhakikishe baadaye.

Na ukiwa na redio au muziki masikioni sitaki kukuona kabisa. Nitasimamisha gari nikunyang'anye.

bonge_mtaratibu

Kilomita 40,000 za kuzunguka mtaa ni kuzunguka mtaa mara nyingi. Dunia haihusiki hapo. Samahani mzee.

karani_wa_ikweta

@bonge_mtaratibu hata sayari yenyewe inazunguka pale pale kila siku na hatuicheki.

@semi_la_usiku marahaba mwanangu. Hilo la injini mbili nimelisoma mara tatu, kisha nikamsomea mama watoto, kosa kubwa.

viungo_moshi

Kaka, mimi kazi yangu ni kuwanyoosha watu misuli baada ya Kilimanjaro Marathon, kwa hiyo swali lako la pili ndilo langu. Kutoka 46 kwa wiki hadi 200 kwa wiki ni kuruka mara nne na zaidi. Pumzi itakubali. Umeishi mita 1,900 na ushee juu ya bahari, ukishuka kwenda Emali utajiona kijana, na hapo ndipo utakapoumia, kwa sababu mapafu yatakuambia twende na mfupa wa mguu haujaulizwa. Misuli inazoea kazi mpya kwa wiki chache. Mfupa unahitaji miezi.

Kuna mama mmoja Mwingereza, Rosie Swale-Pope. Aliondoka mlangoni kwake Tenby, kule Wales, tarehe 2 Oktoba 2003, siku aliyotimiza miaka 57, akiwa amefiwa na mumewe kwa saratani ya tezi dume. Alipita Urusi, Siberia yote, Alaska, akivuta kigari alichokuwa akilala ndani yake. Karibu miaka mitano. Unajua aliingiaje Tenby Agosti 2008? Kwa magongo. Nyonga zilikuwa na nyufa za mfupa. Mwili uliovumilia Siberia uligoma karibu na nyumbani.

Sikutishi. Nasema kipande cha mwisho hakina huruma kwa sababu tu ni cha mwisho. Unayo miezi mitatu kabla ya Agosti: panda polepole, 55, 62, 70, kila wiki ya nne urudi nyuma kidogo. Wiki mbili kabla ya safari zoea kukimbia mara mbili kwa siku, alfajiri na jioni, kwa sababu ndivyo utakavyoishi: kumi na tano kabla ya saa nne, kumi na tatu baada ya saa kumi. Kila siku ya sita lala. Nunua jozi mbili za raba, moja iwe kubwa kuliko mguu wako, mguu utavimba tu. ORS (chumvi na sukari za kuchanganya na maji) za kutosha, usitegemee maji matupu. Na ukiona maumivu yako sehemu moja ndogo unayoweza kuigusa kwa kidole kimoja, na yanazidi unapokimbia, hiyo si misuli. Simama siku hiyo hiyo.

mpima_dodoma

Naomba kuharibu sherehe kidogo. Kabla ya saa ya GPS ulikuwa ukipima kwa nini?

karani_wa_ikweta

Mpaka 2014 nilikopa pikipiki ya jirani nikapitia njia zangu nikisoma kilomita. Njia moja, ile ya kuelekea Timau, niliihesabu kwa nguzo za umeme.

mpima_dodoma

Basi chukua kosa la asilimia mbili tu, na kwa nguzo za umeme nakuhurumia. Asilimia mbili ya 40,000 ni 800. Yaani kosa lako ni kubwa kuliko masafa uliyobakiza. Inawezekana ulimaliza dunia mwaka jana ukienda kununua maziwa. Inawezekana pia bado una mwaka.

Na tukienda mbele, huo mzingo wa 40,075 ni wa Ikweta. Ukizungukia ncha za dunia ni kama 40,008. Na wenye mchezo wao wenyewe hawadai hata hiyo. Chama cha wakimbiaji wa dunia kinataka kilomita 26,232, mabara manne, na umalizie ulipoanzia. Tom Denniss wa Australia alikimbia hizo 26,232 kwa siku 622, Sydney hadi Sydney, akamaliza Septemba 2013. Muingereza Kevin Carr akaja kumpunguzia siku moja tu, 621. Kwa mwendo wako wa 2,400 kwa mwaka, ulizipita hizo mwisho wa 2019, ukakosa tu hayo mabara.

Lakini hapo ndipo penye jibu la Tsavo yako. Kwa nini hawadai 40,075? Kwa sababu ya bahari. Denniss hakukimbia juu ya Pasifiki, alipanda ndege, akashuka, akafunga kamba, akaendelea. Hakuna anayesema daftari lake limetoboka. Mtu anakimbia panapokimbilika. Tsavo ndiyo bahari yako. Panda gari, andika kwenye daftari "bahari", shuka Voi.

karani_wa_ikweta

Ndugu mpima, hilo la kumaliza dunia nikienda kununua maziwa limenikera usiku kucha, na asubuhi nikacheka peke yangu stoo mpaka kijana wa mbolea akaniuliza kama kuna habari.

Makosa yapo, sikatai. Lakini nambari nilizoandika ndizo nilizoishi nazo. Sizibadilishi sasa.

La bahari nimelikubali. Mke wangu amelipenda zaidi, anasema yeye ndiye atakayeendesha hiyo meli. Shida iliyobaki ni ya hesabu: nikivuka kwa gari zinapungua kama 100, nitafika Mama Ngina daftari likisoma 39,970 na kitu. Nifike nilikoanzia kisha nianze kuzunguka Mombasa nikitafuta kilomita mia, kama mtu aliyepoteza funguo? Nimefikiria kuanzia Isiolo badala ya Nanyuki, nivuke Ikweta kwa miguu kutoka kaskazini. Ni kama 80.

viungo_moshi

Isiolo hapana. Kutoka pale hadi Timau ni mlima mtupu, zaidi ya mita elfu moja za kupanda, siku zako mbili za kwanza. Utafika kwenye kibao chako cha Ikweta tayari umeshakuwa mgonjwa wangu.

mnazi_mmoja_kaloleni

Baba, hizo kilomita ziko huku kwetu, hamjatuuliza tu.

Ukitoka Voi unakuja Maungu, Mackinnon Road (pale msikitini kando ya reli utapata maji na kivuli), Taru, Samburu, mpaka Mariakani. Hapo kila mtu ananyoosha Mazeras, Miritini, Changamwe. Wewe usinyooshe. Hicho ndicho kipande kibaya kuliko vyote, malori yanayoingia na kutoka bandarini yamebanana mpaka bodaboda wanatafuta njia nyingine. Pale Mariakani kata kushoto, shika ya Kaloleni. Ni lami, vilima vidogo vidogo, minazi, watu wanakusalimia. Inakutoa Mavueni, karibu na Kilifi, halafu unashuka na barabara ya Malindi: Takaungu unaiacha kushoto, Mtwapa, Bamburi, unaingia kisiwani kwa daraja la Nyali. Badala ya 36 hivi za kunyoosha utakuwa umekimbia karibu 105 au 110. Umepata 70 zako.

Matatu za Mtwapa zina wazimu wake, sikudanganyi. Lakini matatu ikikugonga dereva atajua. Semi haijui.

semi_la_usiku

Huyu wa Kaloleni amesema kweli ingawa ametutukana.

mpima_dodoma

Pasifiki 100, Kaloleni 70, bado 30. Kimbia hizo 30 huko huko Nanyuki kabla hujaondoka. Ila tafadhali usihesabu nguzo.

dada_wa_jumapili

Nimefuata tangu mwanzo kimya kimya. Mimi nauliza la watu: utamaliza peke yako? Tony Mangan wa Ireland alianza kuzunguka dunia kwa kukimbia Dublin Marathon mwaka 2010, akapanga kurudi siku ya marathoni hiyo hiyo mwaka 2014, kilomita zake za mwisho akakimbia katikati ya maelfu. Na Russ Cook, yule kijana aliyeikimbia Afrika nzima kutoka Cape Agulhas kule Afrika Kusini, aliwaita watu wowote waje wakimbie naye kuelekea Ras Angela kule Tunisia, Aprili 2024, na walikuja. Sisi tunaokimbia Jumapili asubuhi tuko kama kumi na wawili hapo Nyali. Tukungoje darajani?

karani_wa_ikweta

Nimekaa na swali la dada siku tatu, ndiyo maana nimekawia.

Ukweli ni kwamba miaka yote hii nimekimbia peke yangu, na zile kilomita 3 za kwanza nilizikimbia mbele za watu wakinicheka. Nilikuwa nimepanga niingie Mama Ngina alfajiri, kabla hata wauza mihogo hawajawasha jiko, niandike, nirudi kulala kwa dada yangu Tudor. Nikamwambia mke wangu. Akaniuliza, "Unamficha nani?" Sikuwa na jibu.

Basi nimepanga hivi. Naondoka kwenye kibao Jumamosi ya kwanza ya Agosti, ofisi imekwisha kutia sahihi. Naro Moru, Karatina, Sagana, Thika, kisha Nairobi naipita Jumapili alfajiri kabla haijaamka. Makindu nitalala kwa Makalasinga hekaluni, wanampokea msafiri yeyote na kumlisha, na hiyo ndiyo siku yangu ya kupumzika. Mtito naipanda meli ya mke wangu, nashuka Voi. Mariakani nakata kushoto. Za mazoezi ninazoandika tangu leo hazihesabiwi, isipokuwa 30 za mpima, ambazo nitazikimbia wiki ya mwisho zikiwa na ukurasa wao.

Dada wa Jumapili, ningojeni darajani saa moja asubuhi, lakini msije na mabango. Mwendo wangu ni wa karani, msinivute. Kutoka darajani hadi kwenye mihogo ni safari fupi, tutafika wakiwa wamefungua, na bili ni juu yangu. Semi la usiku, kama wiki ya tatu ya Agosti unashuka, ukiona mzee amevaa koti la manjano baada ya Maungu, piga honi mara mbili ukiwa mbali.

Limebaki moja tu, mnazi_mmoja: hapo Kaloleni pana gesti yenye maji ya bomba, au nibebe ndoo?