Mgonjwa wa saratani anarudi nyumbani na mofini: tujue nini kabla ya ruhusa?

Mwanafamilia: Saratani imefika kwenye mifupa ya mgongo, na mgonjwa anaruhusiwa kwa huduma shufaa ya nyumbani, yaani ya kumpunguzia maumivu na mateso. Ameandikiwa mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, miligramu 5 kila saa 4. Baadhi ya ndugu wanaona apewe akilalamika tu, asije akazoea. Wako sahihi?

Mfamasia: Hapana. Dawa hii huisha nguvu baada ya saa 4 hivi, na maumivu yakishapanda kuyashusha ni kazi. Mpeni kwa saa: 12 asubuhi, 4, 8, 12 jioni, 4 usiku. Madaktari wengi huongeza ile ya mwisho maradufu ili alale hadi alfajiri, lakini iandikwe na daktari, msibuni.

Hatari kubwa ni kuchanganya miligramu na mililita. Kuna chupa yenye miligramu 5 katika mililita 5, na nyingine yenye 10 katika mililita moja. Kwa hiyo ya pili dozi yenu ni nusu mililita. Mkimpa mililita 5 mmemzidishia mara kumi. Pimeni kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kijiko cha chai kikae jikoni. Mwulizeni daktari pia kiasi cha kumpa mgonjwa maumivu yakichomoza kabla ya saa.

Muuguzi wa shufaa: Naongezea: msiondoke bila dawa ya kulainisha choo. Usingizi na kichefuchefu hupungua baada ya siku chache, kufunga choo hakupungui. Siku 3 bila choo, pigeni simu. Akiwa haamshiki au pumzi ziko chini ya 8 kwa dakika, msimpe dozi inayofuata. Pigeni simu hapohapo.

Kumgeuza ni kila saa 2, watu wawili, mwili mzima kwa pamoja, mkimwinua kwa shuka badala ya kumburuta. Mwogesheni nusu saa baada ya dozi yake ya mofini. Kagueni visigino, nyonga na juu ya makalio: wekundu usiofifia ukibonyezwa ni kidonda kinachoanza.

Mfamasia: Na kwa kuwa ni mgongo: miguu ikilegea au kufa ganzi, au mkojo ukigoma, huenda uti wa mgongo unabanwa. Hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Kuchelewa kunaweza kumpoozesha moja kwa moja.

Mwanafamilia: Chupa yetu ni ile ya 10. Tunarudi wodini tuonyeshwe kupima.