Naomba ushauri: albamu za baadaye za Fairport Convention
Habari zenu wadau. Fairport Convention, bendi ya folk rock ya Uingereza, nimewajua kupitia albamu yao Liege & Lief ya 1969, na sauti ya marehemu Sandy Denny mpaka leo inanitoa machozi. Juzi nimesikiliza Shuffle and Go ya 2020. Simon Nicol, mmoja wa walioianzisha bendi London mwaka 1967, bado anaimba, na fidla ya Ric Sanders inapita juu ya magitaa bila haraka. Nimeipenda, ila imetulia kuliko nilivyozoea. Je, nirudi nyuma kwenye Festival Bell ya 2011, au nitafute rekodi zao za jukwaani kwenye tamasha lao la Cropredy, Uingereza? Nataka kumnunulia baba sidii moja tu, naye hupenda wimbo wenye kisa ndani yake. Mliozisikiliza, nisaidieni.