Naomba ushauri: kutengeneza mod za Minecraft kwa simu tu

Wakuu, niko Arua, kompyuta sina, nina simu ya Android tu. Nataka kujifunza kutengeneza mod (nyongeza za kubadili mchezo) za Minecraft, hili toleo la Bedrock tunayocheza kwenye simu. Nimeshaelewa kuwa lugha ya Java ni ya toleo la kompyuta. Huku kwetu ni faili za JSON (maandishi ya mipangilio), na lugha ya JavaScript ukitaka makubwa zaidi. Nimeandika manifest.json (faili ya kuitambulisha pakiti), nikaweka UUID (namba za utambulisho) mbili tofauti, mchezo ukaiona pakiti yangu. Lakini ng'ombe niliyemwongezea uhai bado anakufa kwa mapigo yaleyale! (Mdogo wangu kacheka mpaka kachoka.) Nikomae na JSON kwanza au niingie JavaScript moja kwa moja? Na programu gani ya kuhariri huonyesha koma iliyosahaulika? Bando ghali, video ndefu siziwezi.